Ufunguo Uko Mkononi mwa Nani?

Hotuba kwa wenyeviti, makarani na waweka hazina wa vikundi vya akiba kutoka Busia na Malaba

Tunajua kila mmoja wenu ameacha kibanda, shamba au mzigo uliokuwa uvuke leo, na kwa hiyo hatutawapotezea wakati.

Tumewaita kwa neno moja. Miezi hii vijana kadhaa wamevitembelea vikundi vyenu wakiwa na programu ya simu. Wanasema programu hiyo haina mwenyewe, ni mali ya jamii, imejengwa juu ya kitu kiitwacho blokucheni, na pesa ikiandikwa humo hakuna mwizi wala karani mjanja anayeweza kuigusa. Vikundi vingine mmeshawapa orodha ya majina na namba za simu. Vingine mmekuja kwetu mkiuliza: tuingie, au tukae mbali?

Jibu letu si ndiyo, wala si hapana. Jibu letu ni swali ambalo tunawaomba mrudi nalo nyumbani: ufunguo uko mkononi mwa nani?

Sanduku la kufuli tatu

Hebu tuanze na kitu tunachokijua. Vikundi vingi hapa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku linalala kwa mmoja, na funguo tatu zinalala kwa watu watatu wengine. Siku ya mkutano wote wanne wasipofika, sanduku halifunguki. Likifunguka, pesa inahesabiwa mbele ya watu, karani anasoma kwa sauti, na kabla ya kufunga kila mtu anaambiwa akumbuke jumla. Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu, mnaulizwa: tuliacha ngapi? Mnaitikia kwa pamoja.

Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, katika kazi ya shirika la CARE pamoja na akina mama wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Kutoka huko ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Imeenea kwa sababu haimtegemei mtu mmoja mwema. Hata mwema huugua, hushawishika, huhama. Kitabu kiko kwa mmoja, sanduku kwa mwingine, funguo kwa watatu, na jumla iko vichwani mwa watu wote.

Ndugu zetu, hicho ndicho wataalamu wanachokiita mfumo usio na kitovu kimoja. Akina mama wa Busia wamekuwa nacho zamani.

Kosa letu wenyewe

Sasa tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema. Miaka michache iliyopita sisi maofisa wa maendeleo tulikishauri kikundi kimoja cha akina mama 26, wauzaji wa omena, nafaka na mitumba, waache kitabu cha karatasi na kutumia programu ya simu. Programu hiyo haikuwa ya blokucheni, ilikuwa ya kampuni tu, lakini maneno yalikuwa yaleyale: ya kisasa, ya jamii, haipotezi kitu. Tulifurahi. Tuliandika katika ripoti yetu kwamba kikundi kimepiga hatua.

Simu janja ilikuwa moja, ya mama mweka hazina. Kwa kuwa programu ilijumlisha yenyewe, mikutano ikawa mifupi. Kusoma kwa sauti kukaachwa. Siku moja ukaja ujumbe kwamba huduma inafungwa, na baada ya siku chache programu ikakataa kufunguka. Desemba ilikuwa karibu, wakati wa mgao, wakati wa karo na sare za shule. Pesa ilikuwapo, lakini haikujulikana nani ana hisa ngapi na nani bado ana mkopo.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Wenye mikopo walikumbuka kidogo, wenye hisa walikumbuka nyingi. Lawama zikamwangukia mweka hazina, ati amefuta mwenyewe. Mama yule alikuwa ameshika hazina miaka saba bila kasoro hata ya shilingi kumi. Mgao ulifanyika kwa makadirio, watu wakaondoka na manung'uniko, na yeye akaacha kikundi. Mpaka leo hajarudi. Akitukuta barabarani anatusalimu vizuri, lakini tunajua.

Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliochukua kitabu kilichokuwa mikononi mwa watu 26 tukakiweka katika sava ya watu ambao hata sura zao hatukuzijua. Hiyo ndiyo sababu leo hatuna haraka.

Blokucheni ni nini hasa?

Tusiogope neno. Chukueni mfano huu. Kikundi kina wanachama 26, na badala ya kitabu kimoja, kila mmoja ana kitabu chake. Mama akileta hisa, wote wanaandika. Tena, juu ya kila ukurasa mpya inawekwa alama inayotokana na hesabu ya ukurasa uliotangulia. Karani akiamka usiku abadilishe ukurasa wa 10, alama ya ukurasa wa 11 haitalingana, na ya 12, na ya 13. Hata akizibadilisha zote, vitabu 25 vya wenzake vitamkataa. Kurasa zimefungwa kama mnyororo, na vitabu ni vingi. Basi, hiyo ndiyo blokucheni, ila wanaoandika ni kompyuta.

Ya kwanza kujulikana duniani ilikuwa ya Bitcoin, iliyoanza Januari 2009. Mwaka 2015 ikaja Ethereum, ambayo iliongeza jambo kubwa: kanuni za kikundi zinaweza kuandikwa ndani ya kitabu chenyewe zikajitekeleza. Mkopo ukipita tarehe, faini inajikata. Mgao ukifika, kila mtu anapata fungu lake bila kumngoja mwenyekiti.

Ni jambo zuri, hatukatai. Lakini lina mipaka mitatu ambayo wageni wetu hawakuwaeleza.

Kwanza, kitabu hicho hulinda kilichoandikwa, hakijui kama ni kweli. Mama akitoa 500 na mtu akaandika 200, uongo huo utalindwa vizuri sana, milele.

Pili, kitabu chaweza kuwa cha watu wengi na mlango ukawa wa mtu mmoja. Ninyi hamuioni blokucheni. Mnaona programu kwenye simu. Kampuni ikifunga mlango huo, kitabu kiko huko nje lakini mtakifikiaje?

Tatu, kitabu hufunguliwa kwa ufunguo, yaani maneno au namba ya siri ndefu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Ukipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Kufuli tisa, mwenye nyumba mmoja

Tuwape mfano wa watu wakubwa. Kulikuwa na blokucheni iliyoitwa Ronin, ya mchezo wa kompyuta uliopendwa sana Ufilipino. Sanduku lake lilikuwa na kufuli tisa, na funguo tano zilitosha kulifungua. Mtu ungesema hapo pamelindwa kuliko kwetu. Kumbe funguo nne kati ya tisa zilishikwa na kampuni moja, na kampuni hiyohiyo ilikuwa imepewa ruhusa ya muda kutumia ya tano, ruhusa ambayo haikuondolewa. Machi 2022 wezi waliingia katika kompyuta za kampuni hiyo wakapata zote tano. Waliondoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600 za Marekani.

Mwaka 2016 nako kulikuwa na mfuko wa pamoja juu ya Ethereum ulioitwa The DAO. Walijivunia kwamba hauna mwenyekiti, kanuni zenyewe ndizo mwenyekiti. Juni mwaka huo mtu aliona kosa katika kanuni akachota ether zaidi ya milioni 3. Walifanya nini? Walibishana wiki kadhaa, wengi wakakubali kukibadilisha kitabu ili mali irudi, na waliokataa wakaendelea na kitabu chao cha zamani. Yaani mwisho wa yote, watu walikaa wakaamua kama watu. Hakuna programu itakayotuondolea kazi ya kukutana.

Waliotangulia hapa kwetu

Msifikiri mambo haya ni ya ng'ambo tu. Kenya ina historia yake.

Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh kule Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Muuza mboga akikosa shilingi siku ya kiangazi cha pesa, alimpa fundi hati, fundi akampa muuza maji, na mzunguko ukaendelea. Mwanachama mpya alidhaminiwa na wenzake. Mwezi huohuo polisi walimkamata Will Ruddick, Mmarekani aliyekuwa akisaidia mpango ule, pamoja na wanachama kadhaa, kwa madai ya kughushi pesa. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huohuo. Kazi ikaendelea chini ya shirika la Grassroots Economics, ikafika Kawangware mwaka 2014, na mwaka 2018 hati zikaanza kuhamishwa kutoka karatasi kwenda blokucheni. Zikaitwa Sarafu.

Wakati wa korona mwaka 2020, kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu wa Kenya, Sarafu zilitumika na maelfu ya watu, Mukuru Nairobi na vijiji vya Kwale vikiwemo. Wengi walitumia simu ya mulika mwizi, kwa kubonyeza nyota na namba kama mnavyotuma pesa. Kwale kulikuwa na mizizi ya zamani: mweria, ambapo watu wa kijiji hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Waluo tunaishi nao hapa, wana saga. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu ngwatio. Hati ile iliandika tu deni ambalo watu walikuwa wakidaiana kwa mikono tangu zamani.

Hapa tuwe wakweli kwa pande zote. Simu ya mulika mwizi haiwezi kutunza ufunguo wa blokucheni. Kwa hiyo katika miaka ile funguo zilitunzwa na mitambo ya shirika kwa niaba ya watu, na ni shirika lililotoa sarafu. Kitabu kilikuwa wazi, lakini kufuli nyingi zilikuwa nyumba moja. Hawakuficha, na baadaye utaratibu ulibadilishwa ili vikundi vyenyewe viweze kutoa hati zao. Lakini inatuonyesha kwamba hata wenye nia njema na uzoefu wa miaka, njia ya kuiweka mali mikononi mwa wananchi ni ndefu. Atakayewaambia ameimaliza kwa juma moja, mwulizeni vizuri.

Na mkumbuke Worldcoin. Julai na Agosti 2023 maelfu walipanga foleni Nairobi, hata KICC, wapigwe picha ya mboni ya jicho wapate tokeni za kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili ya watu zifutwe. Hiyo nayo ilisifiwa kuwa ya watu wote. Lakini aliyetunga kanuni hakuwa kwenye foleni. Mali ya jamii haianzi kwa zawadi ya bure. Huanza kwa mkutano na mchango.

Sisi watu wa mpakani

Mpaka wetu una mambo yake. Inasemwa hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, vijana wa baiskeli wakivusha watu kutoka boda hadi boda. Vikundi vyetu vina wanachama pande zote mbili, shilingi za aina mbili, na mitandao ya simu tofauti. Kitabu kimoja ambacho Busia ya Kenya na Busia ya Uganda wanakiona sawasawa kingetufaa sana. Tunakiri.

Lakini kumbukeni Januari 2021. Kuelekea siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa Uganda yote, ikakaa siku kama tano. Mwanachama wa ng'ambo angekionaje kitabu? Kumbukeni pia Julai 2018, Uganda ilipoanza kutoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa za simu, kabla ya kuipunguza hadi nusu asilimia kwa kutoa. Blokucheni haina mpaka, lakini shilingi huingia na kutoka kwa mlango uleule wa simu, wenye ada, kodi na siku za kulala.

Tena sheria zimebadilika. Oktoba 2025 Rais wa Kenya alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowasimamia kupitia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayetaka kushika mali zenu kwa njia hiyo aonyeshe anatambuliwa wapi.

Maswali sita kabla ya kutia sahihi

Mgeni akija na programu, karibisheni, mpeni chai, kisha ulizeni:

1. Funguo ni ngapi, ziko kwa nani kwa jina, na ngapi zinatosha kufungua? Zikiwa nyingi nyumba moja, hesabuni kuwa ni moja.

2. Kanuni zilitungwa na nani? Tukitaka kupunguza faini, tunapiga kura sisi au tunaomba kwa kampuni?

3. Mama mwenye mulika mwizi, au asiyesoma, anaonaje kitabu? Akiambiwa tu na mwenye simu janja, tumerudi kwa mtu mmoja.

4. Tukitaka kuondoka tunaondoka na kitabu chote? Msikubali maneno. Semeni: tuonyeshe sasa hivi.

5. Nini kinaandikwa kisichofutika? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, lakini kitabu hiki hakijui kufuta. Majina, namba za kitambulisho na habari za ugonjwa visiingie humo kamwe.

6. Mfadhili akiondoka, nani atalipa gharama? Na hesabu itaandikwa kwa shilingi, au kwa tokeni ambayo bei yake hupanda na kushuka tukilala?

Pendekezo letu

Tusikatae, tusikimbilie. Tunapendekeza kikundi kimoja kinachopenda kijaribu, kuanzia mvua za Machi hadi mavuno. Na kisijaribu na akiba. Kijaribu na zamu za kupalilia, au zamu za kutumia mashine ya kushona: nani amesaidiwa, nani anadai zamu. Hapo kosa likitokea hakuna mtoto atakayekosa karo.

Funguo washike watatu wa nyumba tatu tofauti, na mmoja wao awe wa ng'ambo. Kitabu cha karatasi kiendelee vilevile. Kila mkutano, kilichoandikwa kwenye simu kisomwe kwa sauti, na jumla iitikiwe na wote. Siku ya mwisho kikundi kijaribu kuhama na kitabu chake bila msaada wa waliokileta. Kikiweza, tutakaa tena hapa tuzungumze juu ya akiba. Kisipoweza, tutawashukuru vijana wetu na kuwaomba warekebishe. Wengi wao ni watoto wetu, na wana nia. Tuwasaidie wajenge kitu kinachofanana na sanduku letu, tusiwaache wajenge kinachofanana na kampuni halafu wakiite jamii.

Neno la mwisho. Sisi maofisa tumekubaliana kwenda kwa yule mama mweka hazina, si kumrudisha kwa nguvu, bali kusema mbele ya wenzake kwamba kitabu hakikufutwa na yeye. Tulipaswa kusema siku ileile. Hakuna kitabu, cha karatasi wala cha mnyororo, kitakachosema hivyo kwa niaba yetu.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu leo, ni watu wangapi wanaojua jumla ya sanduku bila kufungua kitabu?

2. Mweka hazina wetu akipoteza simu usiku huu, tutapoteza nini?

3. Ni kazi gani tunayosaidiana ambayo haijawahi kuandikwa popote? Ingefaa kuandikwa, au ingeharibika?

4. Je, kuna mtu aliyelaumiwa katika kikundi chetu kwa kosa lisilo lake? Tutalirekebishaje?